Zamu ya Maji ya Bibi Salome

Mboghoni, Taveta

Dada yangu Wakesho,

Pokea salamu kutoka huku chini kwenye joto. Goti lako linasemaje na ukungu wa huko milimani Wusi? Na yule ng'ombe mwenye hasira, bado anakupiga teke au mmeshazoeana? Mimi ni mzima, ila jua limenipika mpaka nikivua kofia, paji la uso linaonekana la mtu mwingine. Utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Kwenye simu unaongea wewe, dada. Leo nipe nafasi.

Kazi ya kujenga upya nyumba zilizobebwa na mafuriko inaendelea, na kila siku nakuta la kushangaa. Sisi huko tunaziba kila tundu baridi isiingie. Huku naambiwa niache matundu chini ya paa ili joto litoke. Matofali hatuchomi, tunashindilia udongo na saruji kidogo kwa mashine, miti inabaki imesimama. Na hizi paneli za sola! Nilidhani kadiri jua linavyowaka ndivyo zinavyofurahi. Kumbe zikipata joto sana zinachoka, kama mimi, ndiyo maana tunaziinua kidogo juu ya mabati upepo upite. Nimezikodolea macho mpaka wenzangu wakaniuliza kama nangoja zizae.

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa ya Bibi Salome, mjane wa hapa, ambaye tangu mto umvunjie yake analala kwenye ukumbi wa kanisa pamoja na majirani. Nilipomaliza aliizunguka, akakataa kuhamia. Alisema hawezi kuamini nyumba ambayo haijaonana na maji. Majirani nao wakasema wanamtazama yeye; asipohamia, hakuna wa kujengewa. Na masika hayo yanakuja.

Sasa, huku kila shamba lina siku yake ya kupata maji ya mfereji. Zamu ya Bibi ilipofika, badala ya kuyapeleka kwenye migomba, aliyafungulia yaje nyumbani.

Nilisimama pale kifua mbele. Si nilikuwa nimechimba mtaro mzuri nyuma ya nyumba, kama tunavyofanya Wusi? Lakini dada, maji ya Wusi yana haraka, yanashuka yakaenda zake. Haya hayana pa kushukia. Yaliingia kwenye mtaro wangu yakakaa. Yakajaa, yakaanza kulamba msingi. Bibi alitafuta jiwe akaketi, akayatazama muda mrefu.

"Mwanangu wa milimani," akasema, "asante kwa bwawa. Sasa nijengee nyumba."

Watu walicheka. Mimi pia, baadaye. Nikamwomba anionyeshe mafuriko yalipitia wapi, naye akanichorea njia yake kwa fimbo, kutoka upande wa mto mpaka kwenye mkuyu mmoja mkubwa, ambako ardhi inainama kidogo. Nikafukia mtaro, nikainua udongo kuzunguka msingi na kupanda nyasi, kisha nikachonga njia pana isiyo na kina, ipite kando ya nyumba kuelekea huko huko kwenye mkuyu.

Zamu iliyofuata akafungulia tena. Maji yalikuja, yakapita kando polepole kama watu wanaotoka ibadani, yakaenda zake. Bibi alikwenda kanisani, akarudi na godoro kichwani.

Magharibi akawasha taa, akaitazama.

"Hili ni jua la leo au la jana?"

"La leo, Bibi."

Akaizima. "Basi tuliweke mpaka kesho."

Asubuhi majirani walikuja kuuliza nyumba zao zitakwisha lini, na kama nimeacha kuchimba mabwawa.

Msalimie shemeji, mwambie azibue ule mtaro wa nyuma kabla ya mvua. Huko mtaro bado una akili. Msalimie shangazi wa kwaya, na fundi mzee aliyenifundisha kushika mwiko, ila hili la bwawa usimwambie.

Mkungu uliokuja na barua hii ni wa Bibi Salome. Ukiona ndizi zimekonda, msinung'unike. Zilikosa maji mara mbili, yakijaribu kazi ya

mdogo wako,
Mwakio