Gobore Lako Halikufuliwa Mamba

Baba,

Wiki tatu baada ya kukuzika, karani wa Boma alikuja kuchukua gobore lako. Alisema ulilifua mwenyewe kwa siri hapa kijijini Mamba, hivyo litakatwakatwa. Baba mdogo Kasiani alinisihi nitulie. Alisema umeshakufa, hawawezi kukufunga. Mimi sikutulia. Hukukubali kuitwa mwongo ukiwa hai, itakuwaje leo?

Nilipanda lori la mpunga kulifuata mpaka Boma la Mpanda. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, aliniambia waya uliozungushwa kwenye kitako ni kazi ya mhunzi wa kijijini. Nikamjibu kwamba waya ni wako kweli, uliufunga mwaka ule nyati alipokuangusha kitako kikapasuka. Lakini bunduki hukuitengeneza wewe. Nikaomba bisibisi. Karani akacheka. Nikaomba tena.

Nilifungua kama ulivyonifundisha, skrubu nikizishika mdomoni zisipotee. Nikamwonyesha Bwana Shauri ubavuni yale matundu mawili yaliyozibwa kwa chuma. Hapo palikaa kibakuli cha baruti, enzi bunduki hii ilipowashwa kwa cheche za jiwe. Fataki, kile kikofia kinacholipuka kikigongwa, ilikuja baadaye, fundi mwingine akaigeuza bunduki iitumie. Kisha nikautoa mtutu kwenye mti wake na kuupindua. Zile alama za chini, taji dogo na herufi, nilizipaka masizi kama wewe ulivyozoea, zikasomeka.

"Baba yangu hakujua kusoma," nilimwambia. "Angegonga herufi gani?"

Alizitazama kwa kioo cha kukuzia, moja baada ya nyingine. Mwishowe akasema imetoka Ulaya, na huenda ni ya kabla babu hajazaliwa. Basi babu hakutudanganya, kweli aliinunua kule ziwani, bandari ya Ikola, kwa wafanyabiashara wa pembe. Bwana Shauri akafuta neno "kienyeji" daftarini, mbele yangu.

Leseni alitaka kuiandika kwa jina la baba mdogo, kwa kuwa mimi ni mwanamke. Nilikataa. Siku mbili nilishinda kwenye ngazi za Boma, sikugombana na mtu. Siku ya tatu akaandika Veronika binti Sabasi.

Baba mdogo hasemi nami tangu hapo. Inaniuma, sikufichi. Na nilipokuwa nalipaka gobore mafuta nililia, maana harufu ile ni yako kabisa.

Nguruwe wameanza kuingia kwenye mpunga wa bondeni. Kesho asubuhi naenda shambani, na gobore nalibeba mwenyewe.

Pumzika, Baba. Naahidi sitaliuza, wala sitanyamaza mtu akikusingizia.

Mwanao,
Veronika