Gari la Mjomba Linazimika Likipata Moto, na Sifa Nimeshazichukua

Shangazi mshauri, shikamoo, naomba unisome hadi mwisho kabla hujaanza kucheka, maana huku mtaani naitwa Injinia na jina hilo sikujipa mwenyewe, ingawa sikulikataa. Shule niliachana nayo kidato cha pili, tulishindwana tabia, lakini mikono yangu imesoma kuliko walimu wote, nimetengeneza redio, pasi, mlango wa friji, na kifuniko cha tangi la gari la mjomba kilipopotea mimi ndiye niliyechonga kingine kwa soli ya kandambili nikakizungushia mpira, kimebana mpaka hata harufu ya petroli haitoki, cha kiwandani kitasubiri.

Sasa gari lenyewe lina ugonjwa. Asubuhi likiwa baridi linawaka mara moja, mjomba anaondoka nalo kwa madaha, lakini likishapata moto, kama nusu saa hivi barabarani, linakohoa mara mbili linazimika, mjomba ananipigia simu, naacha chai napanda baiskeli na spana zangu, nikifika nafungua boneti, nagusa waya huu, napuliza ule, nakunja uso kama daktari, namwambia, "Mjomba, washa," na linawaka. Mara ya kwanza nilishangaa kuliko yeye. Mara ya sita nilikuwa nimezoea. Ukweli, Shangazi, sijui nilichofanya hata siku moja, nadhani linajipumzikia tu likinisubiri, maana kwa baiskeli sifiki chini ya dakika arobaini, lakini mjomba anawaambia watu, "Huyu kijana ana mkono," na mimi ni nani nimbishie mkubwa.

Balaa limeanza Jumapili. Bibi anapasuliwa jicho Alhamisi ya wiki ijayo, hospitali iko mwendo wa saa tatu, nafasi hiyo ameingoja tangu mwaka jana na akiikosa anarudi mwisho wa foleni. Jirani yetu, dereva wa basi la shule, alijitolea kumpeleka kwa gari lake. Mjomba akamjibu, "Ahsante, sisi tuna fundi ndani ya nyumba." Bibi akanigeukia, akasema, "Nikitoka huko wa kwanza kumtazama ni wewe, nione kama kweli u mzuri kama unavyojisifu." Watu wakacheka, nikacheka, usingizi ukakatika.

Nilijaribu kumdokeza mama. Nikasema, "Magari siku hizi yana mambo yake." Akasema, "Na wewe ndiye unayeyajua, kaa ule."

Basi niambie haraka, nibadilishe nini lisizimike tena, bila mtu kujua kwamba sijawahi kulitengeneza?

Injinia

*

Injinia,

Marahaba. Nimecheka mpaka nilipofika kwenye jicho la bibi, hapo nikaacha.

Mimi nimeendesha lori miaka kumi na moja kabla ya kukaa kwenye meza hii, kwa hiyo usinikunjie uso. Ugonjwa unaokuja gari likiwa na moto hautafutwi likiwa limepoa. Wewe kila siku unafika mgonjwa ameshapona, ndipo unampa dawa.

Kesho panda gari pamoja na mjomba. Likizimika, boneti iache. Nenda nyuma ufungue hicho kifuniko chako cha kandambili. Ukisikia tangi linavuta hewa kama mtu aliyebanwa pumzi, na gari likawaka papo hapo, basi aliyeleta ugonjwa ni wewe. Petroli ikitoka tangini, hewa lazima iingie mahali pake. Umeziba karibu kila upenyo, pampu inavuta mpaka inashindwa, gari linakufa njaa na chakula kiko tumboni, na wewe ukiwa bado kwenye baiskeli hewa kidogo inajipenyeza polepole, ndiyo maana ukifika linawaka. Tafuta kifuniko halisi cha gari hilo, chenye njia ya hewa, na hicho chako usikitoboe, mvuke wa petroli hauna mzaha. Usiposikia kitu, huenda ni koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, au pampu inayochoka ikipata joto. Hapo mwite fundi wa gereji alikague bado lina moto, wewe umshikie tochi na ufunge mdomo.

Sasa hilo la kutojulikana. Hapana. Hata likipona kesho, bibi hapandi gari ambalo halijajaribiwa safari ndefu. Leo kabla ya chakula mwambie mjomba, "Sijawahi kulitengeneza, lilikuwa linapoa tu." Atakuita majina mabaya, yasikilize umekaa. Kisha nenda kwa yule dereva, umwombe kwa adabu kama bado yuko tayari, kwa sababu alikataliwa kwa ajili yako.

Na bibi mwambie wewe, asisikie kwa mtu mwingine. Alhamisi utakaa naye kiti cha nyuma, umshike mkono. Dereva akikuita Injinia njiani, sema bado unajifunza.