Chipukizi la Rukia

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Bagamoyo ni joto, na mimi ni mzima. Wiki mbili zilizopita nilikwenda Zinga kwa Shangazi, akanipikia ndizi za nazi. Tamu sana, ila ndizi zilikuwa za kununua. Migomba yake ya kisukari imekauka majani, na ukipasua shina, ndani ni nyekundu kama kutu. Ni kuvu inayokaa udongoni na kusafiri na machipukizi.

“Ugonjwa huu wametuletea watu wa Lugoba,” akasema. “Mimi sichukui chipukizi la mtu. Machipukizi haya alinipa wifi yangu, mama yako, nilipokwenda Pangani.”

Hapo nikaacha kula.

Hapa kituo cha kilimo naiotesha kuvu hiyo katika vichupa. Ya Lugoba ni nyeupe. Ya Shangazi, niliyoondoka nayo siku ile, ni ya zambarau, aina nyingine kabisa, nami nimewahi kuiona mahali pamoja tu: katika kipande nilichokata kwenye mgomba wako nilipokuja nyumbani sikukuu ya Idi, ule uliosema una kiu.

Nilipomwambia, Shangazi akasema, “Usimwandikie, atalia.”

Nakuandikia. Rukia, mdogo wangu, najua wewe ndiye unayemsomea Mama. Mstari unaofuata usiuruke. Mama, chipukizi ulilomchagulia Rukia la kwenda nalo kwa mumewe, usimpe. Saadani anakoolewa migomba bado ni mizima.

Mpe sufuria.

Naibusu mikono yako, hata ikiwa na udongo.

Mwanao,
Mwanaisha