Majembe yasiyo na mipini

Jumanne, 6 Machi 1984

Majembe yamefika Ganako, ila hayana mipini. Msimamizi wa mpango wa vijana wasio na kazi amesema tujitafutie wenyewe. Atakayekuja kesho bila jembe kamili ataandikwa mzururaji. Msituni haturuhusiwi kukata hata fito. Nikamwambia nyumbani lipo jembe la baba.

"Hilo si la mpango, msomi," akasema, wenzangu wakacheka.

Jioni niling'oa mpini wa jembe la baba nikauchomeka kwenye lile jipya. Umekaa barabara.

Baba alikuwa ananitazama. "Mvua imeshaanza, mwanangu. Mimi kesho nitalimia nini?"

Miaka miwili tangu nimalize shule nimelima naye shamba letu, na kwenye daftari la mpango nimeandikwa sina kazi.