Nyaya Saba Nyeusi za Baba

Nyumbani, chumba cha mbele,
kwenye meza ya cherehani.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu nyingi huko kambini. Hujambo? Kifua kimetulia? Tangu uandike kwamba vumbi la huko linakukohoza, Mama anakiombea kifua chako kabla ya kuyaombea magoti yake. Vaa kile kitambaa alichokushonea, hata kama wenzako wanakucheka.

Sisi huku tu wazima kiasi. Mama hajambo, na cherehani nayo haijambo. Baba anakula vizuri na kulala vizuri, na tangu kiharusi bado ana neno lake lile lile moja, "ehe". Ukimwuliza kama ameshiba, ehe. Ukimwuliza kama ana njaa, ehe. Mama anasema katika ndoa yao yote hajawahi kukubaliwa namna hii.

Usukani wa pikipiki uliotuma umefika. Dereva wa lori la chakula aliuleta mwenyewe mpaka mlangoni, umeviringishwa kwenye gunia. Ahsante sana. Umekumbuka urefu wangu, au tuseme ufupi wangu, maana ule wa zamani niliushika nikiwa nimelala juu ya tangi, huku Baba amefungwa mgongoni kwangu kwa mkanda mpana wa Mama. Huu unanifuata mpaka kifuani. Nikiushika naonekana mtu.

Lakini Kaka, nimeharibu. Nakuambia mapema usije ukasoma barua yote ukiwa roho juu. Pikipiki haiwaki, hii ni wiki ya tatu, na mwenye kosa ni mimi.

Uliandika nyaya zipite ndani ya bomba la usukani, zisining'inie nje zikakatika nikikata kona. Nilikufuata neno kwa neno. Nilifunga msumari mdogo kwenye uzi, nikautumbukiza kwenye tundu la pembeni, nikainamisha bomba mpaka ukatokea tundu la katikati. Nikafunga nyaya kwenye uzi, nikazipaka sabuni, nikavuta. Ila soketi za kwenye ncha za nyaya ni nene, hazipiti kwenye tundu, kwa hiyo kwanza nilizikata. Na wewe unazijua nyaya za Baba.

Nyeusi zote. Si bure watu walimwita Fundi Giza. Alinunua roli moja la waya mweusi tukiwa wadogo, akaitandika pikipiki nzima kwa roli hilo, akisema mwizi akizikata atakuwa ameingia gizani. Mwizi hajaja mpaka leo. Nimeingia mimi.

Usidhani sikuwaza. Kabla ya kukata nilimwomba Mama nyuzi za rangi saba, akanichagulia mwenyewe. Nyekundu ya honi, kijani ya stata, njano na bluu za indiketa, nyeupe na zambarau za taa ya mbele, na waridi ya breki, maana nyingine zilikuwa zimemwishia. Kila waya nikaufunga uzi wake. Zilipendeza, ungedhani zinakwenda harusini. Kosa langu ni kwamba sikupiga tupa midomo ya yale matundu, na chuma kipya kina meno. Nilipovuta, nyaya zilipita, nyuzi zikabaki. Katikati zikatokea nyaya saba nyeusi, zimenawa sabuni, hazina hata alama. Nilikaa pale pale sakafuni nikacheka, halafu nikalia.

Kuzifungua swichi nione ndani nimeshindwa, maana Baba alizijaza gundi zisiingie mvua. Basi nikabahatisha. Niliunganisha, nikabonyeza honi. Badala ya kulia, pikipiki iliyokuwa kwenye gia iliruka mbele, ikagonga kiti cha cherehani na kukivunja mguu. Mama alikuwa ametoka kukikalia dakika hiyo hiyo. Alikitazama akasema, "Hiyo honi hata kiziwi ataisikia." Tangu hapo fyuzi tatu zimeungua, na iliyobaki ni moja.

Nilimwita fundi wa njia panda. Aliziangalia nyaya, akaziangalia tena, akaniuliza kama aliyezifunga alikuwa na ugomvi na mtu. Akasema dawa ni kuzing'oa zote na kuanza upya. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Kaka, alinyanyuka peke yake, jambo ambalo yule mama wa mazoezi wa hospitalini amelitafuta miezi minne bila kulipata, akaja akaushika usukani kwa mkono wake mzima. Hakuuachia mpaka fundi alipofunga begi lake na kuondoka. Sijathubutu kumwita tena.

Unajua kwa nini nahangaika hivi. Mazoezi ya Baba hospitalini ni Jumanne na Ijumaa, na njia ya mlimani gari haipiti. Wenye pikipiki za kukodi wanakataa kufungiwa mgonjwa mgongoni, na siwalaumu. Tumekosa mara sita. Vidole vya ule mkono vilivyokuwa vimeanza kufunguka vinakunjika tena. Mama wa mazoezi ametuma ujumbe kwamba tukiviacha vikakaza, vitabaki hivyo hivyo maisha. Asubuhi mimi na Mama tunavinyoosha kimoja kimoja kama alivyotuonyesha, jioni tunavikuta vimejifunga. Maji yamenifika shingoni, Kaka. Sijui nifanye nini, na sioni aibu kukuambia.

Sasa nikueleze la jana, ambalo hata Mama halijui.

Siku zote nilijipa moyo kwamba majibu yapo, ila yamefungiwa ndani ya Baba, na siku moja nitapata njia ya kuyatoa. Jana mchana Mama alipokwenda kupeleka nguo za watu, nilimsogezea Baba kiti mpaka kwenye pikipiki, nikampa nyaya mkononi. Alizipapasa moja moja kwa kidole gumba, amefumba macho, kama zamani. Uso ulikuwa wa Fundi Giza mwenyewe. Akatenga mmoja, akanielekeza kwa kidevu kwenye swichi ya honi.

Nikamwuliza, "Wa honi, Baba?"

"Ehe."

Ehe hiyo ilikuwa na nguvu, Kaka. Niliiamini. Nikaunganisha, nikabonyeza, kimya. Akapapasa tena, akanipa mwingine bila wasiwasi wowote. Kimya. Wa tatu ukawasha indiketa ya kushoto. Alinitazama akisubiri, na mimi nikainama nikijifanya nakaza skrubu, maana nilikuwa nimeelewa. Hakumbuki. Hakuna kilichofungiwa ndani. Kimeondoka na maneno yake mengine.

Nilichofanya baadaye usinisute. Nilichukua kipande cha waya, nikakipitisha chini ya tangi kutoka kwenye betri mpaka kwenye honi, asione. Nikamwambia, "Subiri Baba, nilikuwa sijakaza vizuri." Kidole kimoja nikakiweka kwenye swichi, na kwa mkono mwingine nikagusisha waya kule chini. Honi ikalia nyumba nzima. Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka, ehe, ehe, ehe, akinipigapiga begani. Nami nikampigia makofi. Nimemdanganya baba yangu mzazi, na akitaka isikike tena kesho, nitamdanganya tena.

Sasa umebaki wewe tu. Uliyefundishwa ni wewe. Mimi nilifundishwa kufagia vumbi la mliyotengeneza, na wakati ule sikujua kama ni kosa. Kaa mahali penye utulivu ukumbuke alivyokuwa akizitambua gizani. Ni unene? Ni mikwaruzo ya kisu? Nimezipapasa mpaka vidole vimekufa ganzi, naona zote ni waya. Lori linaondoka keshokutwa alfajiri na kurudi baada ya mwezi. Kwa vidole vya Baba mwezi ni mrefu, lakini huko uliko simu haishiki, nifanyeje.

Shangazi anakusalimu, anasema mwanamume asiyeandika barua ndefu ana anachoficha. Mama anakusalimu, na ndani ya bahasha amekuwekea vifungo viwili vya lile shati. Baba ameniona nikiandika. Nimemwuliza kama nikutumie salamu zake, nawe unajua alivyojibu.

Ukinijibu, Kaka, tafadhali andika karatasi mbili. Moja iwe yangu peke yangu, yenye nyaya, na kama nawe umesahau niandikie humo humo, nitavumilia. Nyingine iwe ya Baba, nitakayomsomea kwa sauti mbele ya Mama. Humo mwambie umepata habari kwamba alinionyesha waya wa honi, na kwamba hakukosea.

Mungu akulinde na vumbi na akurudishe kwetu na mapafu yako yote mawili.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye siku zote,

Nusu