Asubuhi Ambayo Filamu Haikuonyesha

Esbjerg,
9 Novemba

Mdogo wangu mpendwa Dagny,

Hamjambo huko Nuuk? Mgongo wa shemeji Torben unaendeleaje, na wewe kifua kimepona? Sisi tupo, ila usingizi umenikimbia wiki nzima.

Jumamosi nilikwenda sinema na Iben wangu kuona filamu ya vijana inayozungumzwa sana hapa. Pombe, sherehe, watoto wa sekondari wanaingia vyumbani na watu wasiowajua vizuri, na asubuhi wote wanacheka. Tulipokuwa tukifungua baiskeli nililalamika kwamba filamu imetungwa na wazee wasiowajua vijana.

Iben aliinamia kufuli yake. "Mama, sherehe ziko vilevile," akasema. "Uongo uko kwenye hiyo asubuhi."

Nikamuuliza ana maana gani. Tukaendesha mpaka nyumbani, tukaingia jikoni. Ndipo akanieleza: sherehe ya Agosti, kijana mmoja anayeitwa Villads, na kondomu ambayo hakuna aliyeitaja. Aliona haya kuuliza, maana kwenye filamu hakuna anayeuliza. Na sasa alikuwa anaumia akienda haja ndogo.

Unanijua, Dagny. Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikakata mkate, kipande kwa kipande, ambao hakuna aliyeula. Ana miaka kumi na saba, na alikuwa amekaa na koti lake mwilini kama mgeni.

Jumatatu tulikwenda kwa daktari. Mimba hakuna. Jana majibu mengine yakatoka: klamidia, ule ugonjwa wa zinaa. Amepewa dawa, atapona. Lakini ilikuwa lazima Villads ajue. Nilitaka kumpigia mimi, Iben akakataa. Alimpigia mwenyewe, mlango ukiwa wazi. Kijana akadai kwamba ugonjwa haukutoka kwake.

"Sawa," Iben akamjibu, "lakini wewe nenda kapime."

Akakata simu. Leo kijana ameandika kwamba amekwenda.

Mimi situlii. Nafuta kabati zilizo safi. Napita mbele ya chumba cha Iben, nageuka, napita tena.

Nina ombi. Nilimuuliza kama anataka tuongee zaidi, akasema angependa kuongea na wewe. Iliniuma, sikufichi. Mpigie, tafadhali. Sitauliza mlichosema. Nitavaa buti nikatembee ufukweni mpaka mmalize, hata kama mvua inanyesha.

Msalimie Torben, na mama mkwe wako Agnete. Mungu awalinde na barafu hiyo.

Dada yako anayekupenda na kukutegemea,
Kirstine