Godoro Lililobaki Kwenye Nailoni

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Huku Magomeni hatujambo, ila goti la babu yako linasumbua. Unauliza kwa hela yako ndogo ununue godoro gani. Mwenzio nimechanganyikiwa.

Tulipooana tulinunua letu Kariakoo, gumu, la kudumu. Nikakataza nailoni isitolewe, lisije likachafuka. Joto likatushinda, tukahamia mkekani. Godoro likabaki kitandani, mimi nashinda gengeni, najisifu nina godoro jipya.

Jana nimelianika nikutumie wewe. Kumbe limebonyea katikati, usawa wa mtu mmoja! Nimemuuliza babu yako, amejifanya hasikii. Sijui nimkasirikie au nimwonee wivu.

Lako lichane nailoni siku hiyohiyo.

Bibi yako